Mashada ya Mtaa wa Chuo

Mwanangu amemaliza chekechea, na siku hizi hata chekechea wana mahafali. Joho dogo, kofia ya pembe nne inayowaangukia machoni, mgeni rasmi, kila kitu. Mwalimu alituma ujumbe kwamba kila mzazi aje na shada la kumvisha mtoto wake, nikaenda Kariakoo kwenye duka ambalo halina kitu kingine ila mashada: ya dhahabu, ya fedha, ya bluu, yamening'inia kutoka darini hadi kwenye nywele za muuzaji. Aliponifungulia mfuko wa nailoni ikanijia harufu ya plastiki mpya inayong'aa, nikasimama pale kama nimeitwa jina. Muuzaji akadhani napiga hesabu kichwani. "Dada, chukua hilo kubwa, mtoto apendeze," akasema. Nilichukua hilo kubwa. Lakini hadi nafika Msimbazi nilikuwa bado nimeubeba ule mfuko mbali na mwili wangu, kama mtu aliyebeba samaki.

Mimi ni mtu mzima, nina akili zangu, na bado harufu ile inanirudisha kwenye barabara ya utotoni mwetu, kwenye miaka ya ruksa, wakati maduka yaliyokuwa yamejaa hewa yalianza kujaa vitu. Nyumba yetu ilikuwa ya chini, ya kizamani, yenye ukumbi mrefu katikati na ua nyuma. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, kwa sababu alipenda kujua. Ng'ambo ya barabara lilikuwa ghorofa la kina Hetal, rafiki yangu wa kuruka kamba. Chini baba yake aliuza vyombo, juu kabisa waliishi wao, na katikati palikuwa ghala. Siku moja marobota yakatolewa, ngazi zikapigwa rangi, na kibao kikapandishwa: chuo cha jioni, uhazili na Kiingereza cha ofisini.

Tangu hapo mtaa wetu ukawa na jina jingine. Hakuna aliyetumia tena lile lililoandikwa kwenye nguzo. Watu walisema Mtaa wa Chuo, na tulijisikia hivyo kweli. Wauza kahawa walihamia kwetu. Mama mmoja wa chapati akafungua meza chini ya ngazi. Ilipofika saa kumi na moja jioni mashine za taipu zilianza juu ya vichwa vyetu, nyingi kwa pamoja, na sisi watoto tuliacha mchezo na kutazama dari la baraza ya duka kama vile litavuja. Ijumaa palikuwa na mdahalo, na mkuu wa chuo, bwana mrefu mwenye tai ileile kila siku, alitundika kipaza sauti nje ya dirisha ili mtaa mzima usikie. Wachukuzi wa sokoni walikaa juu ya mikokoteni yao wakasikiliza watu wakibishana kuhusu kalamu na jembe, na aliyeongea vizuri alipigiwa makofi kutoka chini na watu ambao hakuwahi kuwaona. Kiangazi wanachuo walicheza mpira na vijana wa sokoni kwenye viwanja vya Jangwani. Walifungwa kila mara, na kila mara walirudi wakiimba.

Mimi nilikuwa darasa la kwanza na nilikiogopa chuo kile jinsi mtu anavyouogopa msikiti mkubwa: kwa heshima, nikipunguza sauti nikipita. Hofu yenyewe ilikuja baadaye, na ilikuja kwa njia ya mama yangu.

Mama alikuwa opereta wa simu kwenye shirika moja kule Posta. Shirika likauzwa, wenye mali wapya wakaleta mtambo wa kuunganisha simu wenyewe, na Mama akapunguzwa. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo hakuwa na kawaida ya kurudi, amekumbatia mto wa kiti chake cha kazini. Wanawake wa nyumba yetu, wapangaji wa vyumba vya ukumbini, walikuja kumpa pole. Wakakaa mkekani, wakainamisha vichwa, wakaondoka mmoja mmoja. Baba alikuwa njiani na lori la Tunduma, kama alivyokuwa karibu maisha yake yote. Kwa hiyo aliyeamua jambo alikuwa Bibi. Alimwacha Mama alie kwa muda aliouona unatosha, kisha akafungua dirisha lake la barabarani na kunyoosha kidole ng'ambo.

"Rukia, ngazi zile pale. Panda," alisema. "Mtoto nitakaa naye mimi."

Mama akapanda. Alikuwa mkubwa kuliko karibu wenzake wote darasani. Wasichana waliotoka shule juzi walimwita Anti, wakamwazima raba na kumwonyesha vidole vikae wapi. Kila jioni nilikaa na Bibi dirishani, naye alisikiliza zile mashine na kudai kwamba anamtambua Mama. "Huyo anayesitasita, huyo ndiye Rukia," alisema mwanzoni. Baada ya miezi akaanza kusema, "Sasa simsikii. Amechanganyika na wenzake." Alisema hivyo kwa furaha sana.

Mahafali yalifanyika barabarani. Mtaa ulifungwa pande zote mbili, turubai likafungwa kutoka ghorofa la kina Hetal hadi kwenye nyumba yetu, na jukwaa likatengenezwa kwa kreti za soda zilizolazwa mbao na zulia. Mafundi wa barazani walishona majoho wiki nzima. Matarumbeta yakaletwa. Mwanachuo alipoitwa jina alipanda, akapokea cheti kwa mkuu wa chuo, kisha mshereheshaji aliuliza kwenye kipaza sauti, "Watu wake wapo?" Hapo ndipo watu wake waliinuka na kuja wakicheza taratibu, wakipiga vigelegele, wakamvisha mashada, moja juu ya jingine, hadi kidevu kikamezwa, na mpiga picha wa mtaa wetu akawasha taa yake. Kutunzwa huko ndiko watu walikokuja kuangalia. Kwenye mahafali ya mwanzo alikuwepo msichana mmoja aliyetoka mbali, na mshereheshaji alipouliza hakuinuka mtu. Alisimama na shingo tupu, matarumbeta yakakosea kidogo, akashuka. Bibi alimzungumzia msichana yule kwa siku nyingi. "Masikini," alisema, "kusimama mbele za watu kama huna kwenu."

Sasa nifike kwa Hetal. Siku moja mvua ilitufukuza barazani tukapanda kwao, na kwa mara ya kwanza nikaingia sebuleni. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya babu yake, mzee mwenye miwani, na picha ile ilikuwa imevishwa shada la maua ya mti wa msandali. Chini yake udi mwembamba ulikuwa unafuka. Nikauliza kwa nini babu amevishwa maua.

"Amekufa," Hetal alisema, akiendelea kujikausha nywele.

"Kwani mtu akiwa hai?"

"Picha ya mtu aliye hai haivishwi maua. Ni mkosi. Ba atakuchapa." Ba alikuwa bibi yake, mama yule mwembamba aliyevaa nyeupe siku zote. "Ukiona picha ina maua, ujue huyo kafa."

Aliyasema hayo bila uzito wowote, na akatoa kashata tukala. Lakini mimi niliteremka zile ngazi na miguu mingine. Kwa sababu studio ya mpiga picha wa mtaa wetu ilikuwa mlango wa pili kutoka duka la vyombo, na kwenye kioo chake alikuwa amepanga picha za mahafali yaliyopita. Nilizipita kila siku nikienda kununua mkate. Watu wale wote, wamekaa wima, wametazama mbele, na kila mmoja wao alikuwa na mashada shingoni.

Jioni ile, nikitoka kununua mkate, nilisimama mbele ya kioo kile kwenye manyunyu mpaka mkate ukalowa. Alikuwepo Kaka Saidi, aliyekuwa akipanga kwetu chumba cha uani na kunipa visoda vya kuchezea. Nikakumbuka kwamba tangu mahafali hayo sikumwona tena, na nilipowahi kumuuliza Bibi alinijibu tu, "Saidi ameshaondoka." Sasa nilielewa. Walikuwepo akina dada niliowaona wakipanda ngazi jioni na daftari, na wengi wao hawakupanda tena. Kila kitu kilikaa mahali pake. Chuo kilikuwa kinachukua watu, kinawafundisha mambo ya huko wanakokwenda, kisha mtaa mzima unatoka kuwaaga kwa ngoma. Na watu wazima walijua. Ndiyo maana wengine walilia wakati wa kutunza.

Nataka nieleweke vizuri: sikuchukia. Niliona ni jambo kubwa mno. Jioni mashine zilipoanza nilihisi nywele za mikono zinasimama, na niliwatazama wanachuo wakipanda wakicheka, wameshika chapati, nikashangaa ujasiri wa binadamu. Wiki ile nilimkuta sokoni dada mmoja wa kwenye kioo, yule mwenye mwanya, anachagua nyanya. Akanishika shavu. "Mambo, mrembo? Mama hajambo?" Mkono wake ulikuwa na joto kabisa. Nikakimbilia nyumbani. Nilifikiri sana njiani, nikaamua kwamba wafu nao lazima wanarudi Kariakoo kununua vitu, kwa kuwa watu wa mikoani wote walikuwa wanakuja Kariakoo kununua vitu, na sikuona sababu ya wafu kubaki nyuma.

Sikumuuliza mtu. Mtoto hana haraka ya kuthibitisha jambo la kutisha. Halafu nikaona fundi wa baraza yetu anampima Mama mabega, na kitambaa cha joho kimekunjwa mapajani mwake.

Bibi aliandaa siku ile kama harusi. Wanawake wote wa nyumba walinunua khanga za sare, na mfuko wa mashada ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, pale nilipolala. Shada lake mwenyewe lilikuwa la dhahabu, nene kuliko yote, na aliwaonyesha watu hata ambao hawakuuliza. Ile harufu ya plastiki mpya ilijaa chumba kizima. Nilikula kidogo siku hizo, na Bibi akaninywesha maji ya mwarobaini akidhani nina minyoo.

Siku yenyewe turubai lilifungwa tangu asubuhi. Jua lilipita kwenye matundu yake na kuanguka vipandevipande juu ya majoho. Ba alishushwa na kiti chake, akakaa mbele kabisa. Madirisha ya juu yalikuwa yamejaa vichwa. Sijaona tena kitu kizuri kama mtaa ule mchana ule, wachukuzi wameoga, mama wa chapati amejipaka poda, matarumbeta yanagonga kifua kutoka ndani. Mama alikaa mstari wa tatu na wenzake, kofia imemkaa sawasawa. Mimi nilikuwa na Bibi, na mfuko wa mashada ulikuwa mapajani pake, unatoa mchakacho kila alipopumua.

Majina yalipokaribia la Mama nikateleza kutoka kwenye kiti. Nilipita chini, katikati ya miguu ya watu, mpaka nikalishika joho lake.

"Mama, usivae maua."

Akainama. "Una nini? Rudi kwa Bibi."

"Usivae maua. Utakufa."

Dada aliyekaa pembeni akacheka, kisha akaacha. Mama alinitazama usoni. Nadhani hakuwa ameniangalia vizuri kwa wiki kadhaa, kwa mitihani, na sasa akaniona.

"Nani kakwambia?"

"Wale wa kwenye picha wote wamekufa. Wamevaa maua. Kaka Saidi amekufa."

"Saidi yuko Tanga, mwanangu. Ana kazi bandarini."

"Amekufa." Mkojo ulikuwa umeshaanza kunitoka, nikiuona unashuka kwenye soksi nyeupe. Jukwaani waliita jina jingine. Lilikuwa limebaki moja kabla ya lake. Mama hakuwa na nafasi ya kunifundisha chochote, na mtoto wa hali ile hafundishiki. Akaweka kiganja chake shavuni pangu.

"Basi. Sivai."

"Hata moja?"

"Hata moja. Nenda ukae pale mbele kwa Ba, uniangalie. Usiniondolee macho."

Nikaenda. Nikasimama kando ya kiti cha Ba, nikishikilia mkono wa kiti. Wakamwita Rukia Shomari, na mtaa wetu ukalipuka, maana alikuwa wa kwetu, mtu wa mtaa wenyewe, si wa kuja na kuondoka. Mama alipanda juu ya zile kreti. Akapokea cheti kwa mikono miwili. Mshereheshaji akauliza kwa mbwembwe jibu likiwa linajulikana, "Watu wake wapo?"

Walikuwepo, tena wengi kuliko wa mtu yeyote. Bibi alitangulia, shada la dhahabu amelitandaza mikononi, akicheza kwa hatua ndogondogo za kizee, na wanawake wa sare nyuma yake. Alipofika mbele ya mkwewe akainua mikono. Mama akarudi nyuma hatua moja. Akatikisa kichwa. Bibi akadhani ni haya ya furaha, akamfuata, akainua tena, na safari hii Mama akaizuia mikono yake, akamsogelea sikioni na kumwambia kitu kifupi. Bibi akabaki na shada limening'inia hewani. Matarumbeta yalinyamaza moja baada ya jingine.

"Mama, mashada ni yako hayo," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, akicheka peke yake.

Nyuma yangu nikasikia watu wanaulizana kama amegombana na wakwe. Mwingine akasema labda ana talaka, mume mwenyewe mbona hayupo. Bibi naye alisikia. Alishuka jukwaani akitembea, hakucheza tena, na wanawake wakashuka naye wakiwa hawajui wayashikeje yale mashada.

Mpiga picha alikuwa bado amepiga goti. "Dada, bila shada picha itakuwa kama ya kitambulisho."

"Piga hivyohivyo," Mama akasema.

Akasimama wima, cheti kifuani, shingo yake ndefu iko wazi katikati ya kola nyeusi, na hakumtazama mpiga picha. Alinitazama mimi. Taa ikawaka. Nimeona watu wakubwa maishani, nimewaona wakipigiwa mizinga, lakini sijapata kuona mtu aliyesimama vile. Nilijua kwamba nimemwona mama yangu akikataa kifo mbele ya mtaa mzima, na kwamba hakuna jambo duniani linaloweza kumtisha.

Jioni Bibi alikuwa hajavua hata sare. "Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza ndiye anayeamua nani avae nini?" aliuliza.

"Leo ndiyo, Mama," Mama alimjibu kwa adabu, na akaendelea kufua soksi zangu.

Kwa siku kadhaa nilitembea mtaani nikiwa mtu aliyeokoa roho. Halafu Ba akaniita juu. Nikamwamkia, "Shikamoo Ba," akaitikia marahaba na kunikalisha chini ya picha ya mumewe. Akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha dukani, kwamba maua ya kwenye picha ni ya picha, na ya shingoni ni ya shingoni. Yeye mwenyewe siku ya harusi yake alivaa maua mpaka magotini na bado yupo. Kaka Saidi wa kwenye kioo alikuwa mzima, amevaa mashada yake akiwa anapumua, ndipo akapigwa picha. Nilisikiliza, nikaelewa, nikaona aibu. Nilishuka nikamwambia Mama kwamba sasa anaweza kuvaa. Akacheka, akasema mahafali yameshapita, na akaniuliza kama nimekula. Mwezi uliofuata alipata kazi ya kuchapa barua kwa wakala wa forodha, na suala lile halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Miaka yote hiyo niliishi na ile picha ya mama yangu kichwani. Nilipofeli mtihani, nilipoachwa, nilipokaa mbele ya watu wa usaili wanaopitisha macho juu yangu, nilijiambia kwamba mimi ni mtoto wa mwanamke asiyeogopa macho ya watu. Imenisaidia kuliko vyeti vyangu vyote.

Juzijuzi tulikuwa tumekaa kwake tunachambua mchele, nikamwambia hivyo. Nikamwambia, "Mama, siku ile ya mahafali hukuona aibu hata kidogo."

"Nani kakwambia?" Hakuinua macho kwenye ungo. "Niliona aibu sijawahi kuona maishani. Nilisikia yote waliyosema. Nilimwona Mama mkwe anashuka vile, baada ya yote aliyonifanyia. Nilitaka nimwite arudi anivishe yaishe. Nililia kwa ajili ya siku ile mpaka mwaka ukaisha."

Nikauliza, "Mbona mimi sikuona?"

"Usingeona," Mama akasema. "Wewe ulikuwa umeshaogopa vya kutosha."